Meza za Andalia

Jinsi nilivyofika Andalia si habari ya kumchosha msomaji. Niliondoka, nikafika. Yanayostahili wino ni yale niliyoyaona huko kwa siku tatu, nami nitayaeleza bila chumvi. Nilipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile ilinifundisha kwamba uongo hula nafasi kubwa kuliko ukweli kwenye ukurasa.

Afisa wa mpakani hakuniuliza jina, wala nilikotoka, wala mzigoni mwangu mna nini. Aliniuliza, "Mzee, unatumia meza gani?"

"Meza ya nini?"

"Ya kuandikia. Usiniambie umetoka kwenu bila meza." Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyetoka bafuni akasahau taulo.

Afisa huyo aliitwa Bwana Rakibu, Msajili wa Meza. Alikuwa mwembamba, mwenye mgongo mpana usiolingana na miguu yake, na mwavuli haukumtoka kwapani. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu siku nyingi. Nilimjibu kwamba sina meza, ila najua Kilango. Hapo alifunga dirisha lake, akawaacha watu kumi na wanane kwenye foleni, akanishika mkono.

Hapa yafaa nieleze. Andalia yote inaendeshwa na mitambo. Mitambo husaga, hupiga kengele, huvuta maji, huwasha taa. Haisikii maneno ya mdomo. Inalishwa karatasi yenye amri, na kila mtambo una lugha yake. Lugha kubwa ni Kijumla, ambayo hata mwenye duka la chumvi anaiandika. Lakini mtambo wa zamani kuliko yote, ule unaoamrisha milango saba ya Bwawa Kuu, unaelewa Kilango tu, na wenye kujua Kilango katika nchi nzima walikuwa kumi na mmoja. Mimi nikawa wa kumi na mbili. Nilijifunza baada ya kustaafu, katika masomo ya jioni, kwa mwalimu aliyekuwa na kitabu kimoja na wanafunzi wawili. Mwenzangu aliacha wiki ya pili, akasema heri akajifunze kushona. Mimi nilikimaliza kitabu, nikakirudia toka mwanzo. Sijigambi. Nasema yaliyokuwa.

"Mzee anajua Kilango!" Bwana Rakibu alipaza sauti barabarani, na watu wakatoka maofisini kunitazama.

"Alijifunzia meza gani?" mmoja akauliza.

"Nilijifunzia daftari," nikasema, "nimelipakata mapajani."

Walicheka mpaka mama mmoja akalazimika kukaa chini. Walidhani ni utani wa kwetu.

Sheria za Andalia ni tatu, zimechongwa juu ya mlango wa Baraza. Ya kwanza: Asiandike mtu amri kabla hajachagua meza. Ya pili: Asichague mtu meza kabla hajalinganisha meza zote. Ya tatu iliongezwa baadaye kwa herufi ndogo, nami kwa jicho la kazi niliona mara moja kwamba fundi wake alikuwa na haraka: Ikitokea meza mpya, ulinganishaji huanza upya. Nilimuuliza Bwana Rakibu meza mpya hutokea mara ngapi.

"Kila Alhamisi," alisema kwa fahari.

Basi nikapelekwa Mtaa wa Meza. Nakiri kwamba moyo wangu uliruka. Katika maisha yangu sijaona vyombo vya kazi vilivyopendwa namna ile. Meza zilipangwa pande zote mbili za barabara, zimesuguliwa, zinang'aa, na kando ya kila meza walisimama wapenzi wake, tayari kukushika shati.

Nilionyeshwa kwanza Meza ya Vidole. Meza hii ina hali mbili. Katika hali ya kwanza, ukigusa herufi, herufi inaandikwa. Katika hali ya pili, ukigusa herufi ileile, mstari unafutika, au unarukia juu, au ukurasa unajikunja mara saba. Wenye meza hii hawainui mikono yao hata nzi akiwatua puani. Kuinua mkono ni aibu. Bingwa wao alikuwa Mwalimu Kitasa, mtu wa makamo mwenye vidole virefu, na mkewe alikuwa amesimama pembeni na bakuli la uji.

"Habari za kazi, mwalimu?" nikamsalimu.

"Kazi bado sijaanza. Lakini hebu tazama kasi hii!" Aligusa mara tatu, na ukurasa mzima ukatoweka.

"Ulikuwa umeandikwa nini?"

"Sikumbuki. Lakini kasi uliiona?"

"Niliiona. Na ukitaka kutoka mezani unafanyaje?"

Uso wake ulibadilika. "Nani kakwambia nataka kutoka?"

Mkewe akaninong'oneza, "Usimuulize hilo, baba. Yupo hapo mwaka wa nne. Mwaka jana alilia."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na Meza ya Kila Kitu, kubwa kama nyumba ya vyumba viwili. Ndani yake mna jiko, kitanda, sanduku la barua, kalenda ya mwezi, ubao wa kuchezea bao na kasuku anayekukumbusha miadi. Wenyewe hawatoki humo kununua hata kibiriti. Kila kitu katika meza hiyo hurekebishika, ila marekebisho yenyewe huandikwa kwa lugha ya meza, lugha ya vikapu ndani ya vikapu, na ukisahau kufunga kikapu kimoja jiko linazima. Nilimkuta humo bwana mmoja mchangamfu aliyekuwa ameandika vikapu elfu sita. Nikamuuliza anakusudia kuja kuandika nini baada ya hapo. Akafikiri. Akamwita kasuku amkumbushe. Kasuku naye akanyamaza.

Lakini iliyonivuta mimi ilikuwa Meza ya Taa. Hii hutolewa bure, na nusu ya nchi inaitumia. Inawaka. Majina yanatokea kwa rangi ya samawati, vitenzi rangi ya machungwa, nambari zambarau, na pembeni kuna soko zima la vipachiko: kipachiko cha kunyoosha mistari, kipachiko cha kuonyesha umbo la mawingu, kipachiko cha kukupongeza. Na ina sifa moja kubwa. Ukiandika neno ambalo meza hailijui, uzi mwekundu unatoka chini ya neno hilo na kutetemeka mpaka ulibadilishe. Ukikubali, meza yenyewe inakubadilishia.

Niliketi. Kiti kilikuwa kizuri. Nikaanza kuchagua rangi ya usuli, ile inayokaa nyuma ya maandishi.

Nilikuwa nimefika rangi ya kumi na nne, kijani cha jani la mgomba dhidi ya kijani cha jani la mgomba baada ya mvua, niliposikia sauti ya mwanamke.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye unayejua Kilango?"

"Ndimi," nikasema, nikanyoosha mgongo.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, uso wake umechoka, na kanga yake imelowa mpaka vifundoni. Jina lake Zamda, Mlinzi wa Milango. Aliongea akiwa amesimama.

"Baba, miaka minne iliyopita tulipatwa na ukame. Mtambo ukapewa amri: usiachie hata tone. Amri hiyo bado iko tumboni mwake. Sasa mvua imenyesha siku tisa na bwawa linajaa. Kuta zile ni za mawe ya kale. Maji yakifika juu, ukuta unakwenda. Chini yake ni Bondeni, kaya mia nne. Daraja limeshafunikwa na maji ya mvua, hawawezi kutoka. Mama yangu yuko huko."

"Lini yatafika juu?"

"Nimepima. Kesho kutwa, kabla jua halijazama."

"Na milango haifunguki kwa mikono?"

"Kila mmoja una uzito wa ng'ombe mia mbili. Inasikia amri tu."

"Wewe si mlinzi wake? Kwa nini hujauandikia?"

Hapo alitazama chini. "Nachagua meza, baba. Mwaka wa tatu huu. Nimefika ya arobaini na moja. Sijapata kuandika zaidi ya mstari wa majaribio."

Mstari wa majaribio nilikuja kuuona baadaye katika Hifadhi ya Kilango. Hifadhi hiyo ina karatasi elfu tisa zilizoandikwa na mabingwa wa vizazi vitatu, na kila karatasi ina maneno haya mawili: Salamu, bwawa. Ndivyo Waandalia wanavyoijaribu meza. Mtambo ukilishwa hayo hujibu "Salamu," kisha unaendelea kulala. Na kwa kuwa kila meza yaanza na jaribio, na hakuna meza iliyokwisha kuchaguliwa, hakuna mtu aliyeuandikia mtambo ule jambo la pili tangu amri ya ukame.

"Usiwe na wasiwasi," nilimwambia Zamda. "Mimi nimesoma kitabu chote. Kesho asubuhi nitakuandikia. Acha kwanza niiweke meza hii sawa."

Alinishukuru, akaondoka. Mimi nikarudi kwenye kijani.

Siku ya pili iliitishwa kikao cha dharura cha Baraza, nami nikapewa kiti cha mbele. Zamda alikuwepo, kanga imelowa mpaka magotini. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Bi Tandiko, mama mnene mwenye sauti tamu, aliyelinganisha meza kwa miaka ishirini na sita bila kuandika hata barua, na kwa sababu hiyo aliaminiwa na pande zote.

"Wananchi," alisema, "Baraza halikulala. Juzi tulipeleka amri bwawani. Msajili, onyesha karatasi."

Bwana Rakibu aliinua karatasi juu. Ilikuwa nzuri kweli. Mistari imenyooka, rangi zimekaa, hakuna hata uzi mmoja mwekundu. Ukumbi ukapiga makofi.

"Na mtambo ulifanya nini?" aliuliza Zamda.

"Hilo ni swali la mtambo," alijibu Bi Tandiko. "Hapa tunajadili meza."

Niliomba karatasi ile niisome, nikavaa miwani. Nilisoma mara mbili. Kisha nikasimama, nikasema kwa sauti ninayoitumia misibani, "Waheshimiwa, mliandika kwa Kilango. Meza ya Taa haijui Kilango; inajua Kijumla. Kila neno lililokuwa sahihi ililitilia uzi mwekundu, nanyi mkakubali kila badiliko. Mlichoupelekea mtambo si amri. Ni tangazo la mauzo ya viti."

Karatasi ilirudishwa kwa Bi Tandiko.

"Je, lina uzi mwekundu?" aliuliza Bi Tandiko.

"Halina."

"Basi liko sahihi."

"Mama, ni viti!" Zamda alipiga kelele. "Watu wanazama, nyinyi mnauuzia mtambo viti!"

"Binti, punguza jazba. Ndiyo maana tunaunda kamati."

Ikaundwa Kamati ya Dharura ya Kuchagua Meza ya Dharura. Mtu wa Vidole na mtu wa Kila Kitu walikaribia kushikana mashati juu ya nani aongoze. Wa Kila Kitu alimwita mwenziwe mfungwa, na wa Vidole akamwita mpangaji. Ili kuwapatanisha, Bi Tandiko akaninyooshea mkono mimi. Mgeni, msomi, mtu wa herufi. Nikawa Makamu Mwenyekiti. Nikabandikwa kifuani kishaufu cha shaba chenye umbo la meza.

Nilikubali. Naandika hili kwa sababu niliapa kuandika kweli. Na si kukubali tu, nilihutubia. Nilizungumza saa mbili kamili juu ya nafasi inayofaa kati ya herufi na herufi, jambo ambalo nalijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa ukumbini mle, na sijapata kusikilizwa vile tangu nizaliwe. Walipiga makofi wamesimama. Mwalimu Kitasa alituma ujumbe kwamba angesimama pia kama angeweza. Nilipomtafuta Zamda kwa macho, nione kama naye amefurahi, kiti chake kilikuwa kitupu na chini yake pana dimbwi la maji.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa mezani mapema. Meza ilikuwa inakaribia kabisa. Nilikuwa nimeweka vipachiko ishirini na viwili, na cha ishirini na tatu kilikuwa kinagombana na cha tisa, nami nilikuwa na hakika kwamba nikikiondoa cha kumi na moja wawili hao watapatana. Sijawahi kuhisi akili yangu ikiwaka namna ile. Nilikuwa ninaimba.

Zamda alisimama mbele yangu. Hakunisalimu. Kanga ilikuwa imelowa mpaka kifuani, na nywele zina matope.

"Umeandika?"

"Dakika chache tu, mwanangu. Nimebakiza kipachiko kimoja."

"Juzi ulisema, kesho asubuhi."

"Jana kulikuwa na kikao. Uliona mwenyewe. Tena wamenipa..." Nikagusa kishaufu.

Alikitazama kishaufu kile muda mrefu. "Baba," alisema polepole, "nilipoambiwa kuna mzee ametoka nje, aliyejifunza Kilango kwa daftari mapajani, nilimwambia mama kwa kupiga kelele ng'ambo ya mto: amekuja mtu asiyekuwa na meza, tumepona. Mama akapiga vigelegele, nikavisikia juu ya maji. Na wewe kwa siku tatu tu umekuwa Mwandalia kuliko sisi tuliozaliwa hapa. Nionyeshe ulichoandika. Mstari mmoja."

Nilitazama mezani. Usuli wa kijani ulikuwa mzuri ajabu. Katikati yake, kwa rangi ya samawati na machungwa, kulikuwa na maneno mawili: Salamu, bwawa.

Msomaji, nimetukanwa na mameneja watatu katika maisha yangu, na mmoja alinitupia kopo la wino. Hakuna aliyenichoma kama meza ile ilivyonichoma. Nilinyanyuka. Meza ikauliza kama ningependa kuhifadhi marekebisho yangu. Sikuijibu.

"Twende," nikasema.

Tulikwenda mbio, kwa kadiri miguu yangu inavyoruhusu, na Zamda alinivuta mkono kwenye miteremko. Bwawa lilikuwa limefura. Juu ya ukuta palibaki pa kuweka kiganja kimoja tu, na chini kabisa, kupitia mvua, niliona mapaa ya Bondeni na watu wamesimama juu ya mapaa hayo, wadogo kama nukta. Mtambo ulikuwa kando ya ukuta, mweusi, mkubwa kama kinu cha mkonge, na una kinywa cha kumeza karatasi.

Nilikuwa na kalamu ya risasi. Karatasi ilikuwa fomu ya usajili wa meza, niliyokuwa sijaijaza, mgongo wake mweupe. Lakini kila palipo bapa palikuwa pamelowa. Chuma cha mtambo kilitiririka maji; nilipoibana fomu juu yake, kona ililegea kama ugali wa moto.

Wakati huo tukasikia filimbi. Bwana Rakibu alikuwa anakuja anakimbia, mwavuli juu, muhuri mkononi.

"Msiandike! Simameni! Mahali hapa hapajasajiliwa!"

"Bwana Rakibu," alisema Zamda, "umekuja na mwavuli?"

"Nimekuja na sheria!"

"Inama."

"Ati?"

"Inama, Bwana Rakibu, au nitakuinamisha."

Sijui ni sauti yake au ni mlio wa jiwe lililochomoka ukutani dakika ileile. Bwana Rakibu aliinama. Zamda alishika mwavuli juu yetu, nami nikaliinua koti lake, nikaitandaza fomu juu ya mgongo ule mpana, mkavu.

"Lakini mgongo wangu haujalinganishwa," alisema akitazama miguu yake.

"Nyamaza, unatikisa mwandiko," nikamwambia.

Niliandika. Kilango kilikuja chote, ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyokisoma. Amri ilikuwa fupi nami niliiona nzuri: Fungua milango yote saba. Nikaikunja niulishe mtambo.

Zamda alinishika mkono. "Umeandika nini?"

Nikamwambia.

"Yote kwa mara moja? Baba! Maji ya milango saba yakitoka pamoja, hayo mapaa unayoyaona yatafika baharini kabla yako. Utamzika mama kwa mkono wako mwenyewe."

Niliikunjua karatasi yangu. Kitabu nilikisoma mara mbili. Hakikuwa na sura juu ya mama yake Zamda.

"Wewe ungefanyaje?" nikamuuliza, na nina hakika ni mara ya kwanza katika siku tatu nilizokaa Andalia kumwomba mtu shauri.

"Mmoja kwanza. Tungoje maji yashuke kidogo. Halafu wa pili. Tungoje. Mpaka wa saba."

"Hilo linaandikika," nikasema, damu ikanichemka. "Hilo lina sura yake! Sura ya tisa, amri zinazojirudia!" Nikafuta, nikaandika upya mgongoni mwa Msajili: Fungua mlango mmoja. Ngoja maji yashuke shubiri. Fungua unaofuata. Rudia mpaka wa saba.

Mtambo ulimeza. Ukanguruma. Kisha ukatoa ulimi wa karatasi, nami nikausoma kwa sauti: "Mstari wa pili. Shubiri ya nani?"

"Ya mtu!" nikafoka. "Shubiri ni shubiri!"

"Mtambo hauna mkono, baba," alisema Zamda. Jiwe jingine lilitoka ukutani, na maji yakaanza kupita juu ya ukingo, membamba kama shuka. Alifumba macho. "Ukutani kuna alama za shaba. Baba yangu alikuwa akizisugua kila Ijumaa. Mtambo unazijua. Andika: mpaka maji yashuke alama moja."

"Alama moja," nikaandika, nikiirudia amri nzima nyuma ya ulimi ule wa karatasi.

"Haraka jamani," alisema Bwana Rakibu kutoka chini. "Kiuno."

Mtambo ulimeza mara ya pili. Haukutoa ulimi. Kwa muda wa pumzi nne hapakutokea kitu. Halafu ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyetu, na mlango wa kwanza, ambao haukuwa umesogea miaka minne, ukainuka kwa mlio kama wa ng'ombe anayezaa, na maji yakaruka nje, ya kahawia, yenye povu, yakaingia katika mkondo wake wa kale na kukaa humo.

Nilipiga kelele. Mtu wa miaka sabini na mmoja, nilirusha miwani yangu juu. Zamda hakupiga kelele. Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, anahesabu alama. "Moja," alisema. Mlango wa pili ukainuka. Tulikaa hapo mchana kutwa, naye hakuinuka mpaka aliposema "saba."

Baraza lilifika alasiri, na Bi Tandiko akatoa hotuba. Hakuuliza amri ilisemaje. Waliuzunguka mgongo wa Bwana Rakibu, wakaupima kwa kamba, wakausifu kwa ukavu na uthabiti wake, na Alhamisi iliyofuata, kama nilivyoarifiwa, ulisajiliwa rasmi kuwa meza mpya, na ulinganishaji ukaanza upya. Mimi nilimrudishia Bi Tandiko kishaufu chake. Alidhani nataka kikubwa zaidi.

Mvua ilikatika, na kabla jua halijazama daraja lilitokeza, limejaa matope na matawi. Zamda alivuka mbele, mimi nikamfuata nikishika kamba ya daraja. Upande wa pili alikuwa amesimama ajuza mfupi, mkavu, amejifunga kanga mbili, na nyuma yake watu wa Bondeni walikuwa wakishuka kutoka mapaani wakipokezana watoto na kuku. Alimkumbatia binti yake. Alimshika uso, akamkagua kama anakagua chungu kilichorudi kutoka kuazimwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Karibu, shemeji. Ndiye wewe uliyekuja juzi?"

"Ndimi."

"Na hiyo amri mliyoandika, ni ndefu sana?"

"Mistari minne," nikasema.

"Minne." Alitazama mapaa, akatazama watu wanaotetemeka, akatutazama sisi wawili. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu. "Sasa siku zote tatu mlikuwa mnafanya nini?"

Zamda alinitazama. Mimi nilimtazama Zamda. Nimesoma vitabu vingi, tena kwa taa ya kuazima, na najua maneno mengi kuliko wastani wa watu wa rika langu. Lakini nilisimama mbele ya mama yule, katika matope ya Bondeni, nikayatafuta yote, kisha nikanyoosha mikono nikampokea mtoto aliyekuwa akishushwa kutoka paani.